Komeo la Goti

Winga alirudi kutoka kazini jioni ile akiwa na unga kwenye nyusi na kidevu kilichochunika. Alipita sebuleni upesi, kama mtu anayewahi choo, akimpa dada yake upande mmoja tu wa uso.

"Kidevu kimefanya nini?" Nati akamuuliza.

"Mlango."

"Mlango gani huo unaopiga watu kidevuni?"

"Mlango wa kazini, dada. Mbishi kama wewe." Akacheka, akaingia chumbani kwake, akafunga.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, kiazi mkononi, kisu mkononi. "Mwache mwenzio apumzike," alisema haraka, hata kabla ya kuulizwa. "Mtu anayefanya kazi hakosi mchubuko." Kisha akarudi kwenye viazi vyake, akawa anamenya nusu ya kiazi pamoja na ganda.

Nati alilitazama lile ganda nene likianguka kwenye karai. Mama yake alikuwa mtu wa kumenya ganda jembamba kama karatasi.

Jina la Nati alilipata utotoni, kwa sababu kila kilichofunguka nyumbani mwao, kuanzia redio hadi mashine ya kusaga, nati zake zilipatikana mfukoni mwake. Sasa alikuwa mhandisi kwenye karakana ya viungo bandia nyuma ya hospitali, na goti alilotembelea mdogo wake alilichora yeye mwenyewe. Winga naye aliitwa hivyo tangu enzi za mpira wa mtaani, alipokuwa akikimbia pembeni mwa uwanja kama ameibiwa. Lori lilimkata mguu juu ya goti. Jina lilibaki.

Goti lenyewe halikuwa na makuu. Ukinyoosha mguu, komeo dogo la chuma lililosukumwa na springi liliingia kwenye tundu lake na kusema *tak*. Hapo mguu umejifunga, unaweza kuusimamia. Ukitaka kukaa au kupiga hatua, unavuta kwa nyonga waya uliopita kiunoni, komeo linatoka, goti linajikunja. Nati aliliacha wazi ubavuni makusudi, ili mtu yeyote aweze kulisafisha na kulipaka mafuta bila kulazimika kurudi karakana. Kule karakana kulikuwa na mashine iliyolikunja na kulinyoosha goti mchana na usiku, wiki baada ya wiki, mpaka walinzi wakazoea mlio wake kama mlio wa saa. Halikushindwa hata mara moja. Watu wa hospitali walilipenda, wafadhili wakalipenda, na sasa shehena mpya ilikuwa imepangwa rafuni ikisubiri hafla ya kukabidhiwa. Winga mwenyewe ndiye angepanda ngazi za jukwaa mbele ya wageni, sinia la mikate mikononi, kama afanyavyo kazini.

Kesho yake Nati alianika nguo. Shati la kwanza la Winga lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na viraka viwiko vyote viwili, vimeshonwa kwa ule mshono mdogo mdogo wa Mama ambao usingeuona kama hukulelewa naye. Nati alisimama na lile shati bichi mikononi, maji yakimchuruzikia miguuni. Mlango haupasui viwiko.

Alilianika. Akachukua mkoba, akamwambia Mama anakwenda sokoni, na Mama hakuuliza kwa nini anakwenda sokoni bila kikapu.

*

Kiwanda cha mikate kilikuwa na tanuri chini na duka juu, na kati yake ngazi fupi ya saruji iliyolainika kwa kukanyagwa. Kazi ya Winga ilikuwa kupandisha masinia. Nati alisimama nyuma ya rundo la magunia ya unga, akijiona mjinga.

Winga alipita mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili vizuri. Alipanda kwa mguu mzima, akauvuta ule wa bandia, akaunyoosha; *tak*; akausimamia; akaendelea. Nati alianza kupumua. Huenda kweli ni mlango, alijiambia. Huenda viraka ni vya kuegemea meza.

Mara iliyofuata *tak* ilisikika kama kawaida, wazi kabisa. Winga akaweka uzito. Goti likajikunja ghafla, kama kiti kilichovutwa na mtani. Alianguka kwa viwiko na kifua, sinia likamtoka, likateremka ngazi likipiga kelele, likasimama karibu kabisa na miguu ya mama mmoja aliyekuwa akipanga mikate kwenye makreti. Yule mama aliruka nyuma akashika ukuta. Sinia lilikuwa bado linafuka.

"Winga kaotea tena!" msimamizi alipaza sauti kutoka juu, na wafanyakazi wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliozoea.

Neno lililomchoma Nati ni lile *tena*.

Winga naye alicheka, huku akijizoazoa. "Refa gani huyu, kila siku ananionea mimi!" Alipogeuka kuokota mkate, macho yake yakakutana na ya dada yake. Kicheko kikazimika kama taa.

Nati alipiga magoti pale pale kwenye saruji, mbele ya watu, akapandisha mguu wa suruali ya mdogo wake, akaingiza kidole kwenye tundu la komeo. Kidole kilitoka na kitu cheupe chenye kunata, kama gundi ya watoto wa shule.

"Dada, inuka," Winga alinong'ona, shingo imemsimama. "Watu wanaangalia. Inuka, tafadhali."

*

Waliulaza mguu juu ya meza ya kulia chakula, juu ya gazeti. Winga alikaa kwenye kochi, mguu wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini, hatazami meza. Mama alikaa karibu naye.

"Unalipaka mafuta?" Nati aliuliza.

"Kila Jumapili, kama ulivyoniambia. Sijawahi kukosa."

Nati alitamani angesema hapana. Alitamani angesema, ah, mimi na mafuta wapi na wapi. Maana aliposafisha tundu kwa kijiti aliona vizuri kilichokuwa kikitokea. Mafuta yalishika unga, unga ukawa gundi, gundi ikajaa tundu. Komeo likija haliingii ndani; linagota kwenye mdomo wa tundu na kukaa pale, kama mgeni asiyekaribishwa aliyeegemea kizingiti. Na likigota linasema *tak* ile ile. Mtu anasikia *tak*, anaamini, anasimama. Mdogo wake alianguka kwa sababu alikuwa mtiifu.

Ile mashine ya karakana ilikuwa ndani ya chumba safi, kinachofagiliwa asubuhi na jioni. Ilikunja goti kwa uaminifu wote, wala haikuwahi kuoka mkate.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Nani anahesabu?"

"Mama anashona viraka. Mama anajua."

Mama alinyoosha kanga mapajani. "Nilikuwa nataka kukuambia, mwanangu."

"Lini, Mama? Likishamuua?"

"Usimpigie Mama kelele!" Winga aliinuka, akasahau, akayumba, akashika kiti. Nati na Mama walinyoosha mikono kwa pamoja, na wote wawili wakairudisha. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini. "Ningekuambia nini? Kwamba goti lako linanidondosha kama mlevi? Kila mtu anayekuja humu ndani unamwonyesha. Hata fundi bomba ulimwonyesha. Na mimi, dada, kabla ya huu mguu nilikuwa nabebwa kwenda kuoga. Mwanamume mzima, ananibeba mama yangu. Kuanguka mara moja moja ni kitu gani?"

"Sinia lile lingemwangukia yule mama."

"Halikumwangukia."

"Leo."

Winga akageukia dirisha.

"Hautoki hapa mguu huu," Nati alisema. "Kesho naurudisha karakana."

"Ukiuchukua umechukua na kazi yangu. Msimamizi hatungoji sisi. Kuna vijana wamejipanga nje kama mikate, na miguu yao miwili miwili." Akaukokota mguu mezani, gazeti likaja nao, akaanza kujifunga mikanda. "Mimi ndiye ninayeanguka. Si wewe. Nikichoka kuanguka nitakuambia."

Alitoka nje. Walimsikia akishuka barazani. *Tak*, kimya, *tak*, kimya. Na kila *tak* Mama alifumba macho.

*

Meneja wa karakana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoifanya kazi kuwa ngumu. Alikuwa na mvi zilizoota haraka kwa kuomba: kuomba chuma, kuomba ngozi, kuomba umeme usikatwe. Alimsikiliza Nati mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Wangapi wamelalamika?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Hata mdogo wangu hakulalamika, na tunakula meza moja. Nimepita kuwauliza wengine. Kuna Mama Pacha, anashona magodoro. Alivunjika mkono. Akasema ameteleza bafuni. Nimelifungua goti lake, limejaa nyuzi za pamba."

Meneja alipangusa uso kwa kiganja. "Nisikilize, binti yangu. Wale wageni wakisikia goti lina kasoro, hawatasikia goti. Watasikia mradi. Watafunga mikoba yao waende zao. Na wale wanaokaa kwenye benchi pale nje tangu asubuhi, utawaambia nini? Hafla ipite kwanza. Halafu tutarekebisha kimya kimya, moja moja."

"Na atakayeanguka hafla ikishapita?"

"Hakuna kitu kisichoharibika, Nati. Wewe ndiye msomi, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Ndiyo. Kila kitu kitaharibika. Nilichosahau ni kukiuliza kitaharibikaje." Aliona anaanza kulia, akakasirika. "Hili likiharibika linadanganya, bosi. Linasema limefunga na halijafunga. Njoo."

Walikwenda hadi chumba cha majaribio. Nati alizima mashine, na ule ukimya ukawashtua wote wawili. Akapaka goti mafuta, akanyunyiza unga aliokuja nao kwenye karatasi, akalikunja na kulinyoosha mara nyingi, akanyunyiza tena. Kisha akalinyoosha. *Tak*.

"Limefunga?" aliuliza.

Meneja aliinama, akatega sikio. "Limefunga."

"Liegemee."

Aliliegemea kwa mikono miwili. Likashika. Akamtazama Nati kwa jicho la *si unaona*. Nati akalikunja, akalinyoosha tena. *Tak*. Meneja akaliegemea. Likashika. Jasho lilimtoka Nati kwapani. Alihisi chumba kizima kinamcheka. Mara nyingine tena. *Tak*. Sasa Meneja aliliegemea bila kufikiri, kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake, na goti likaporomoka, naye akaenda nalo, kifua kikagonga meza kwa kishindo, miwani ikaruka.

Alibaki amelala pale juu ya meza kwa muda, akihema. Nati aliokota miwani, akaifuta kwa koti lake.

"Sauti ni ile ile," Meneja alisema hatimaye.

"Ile ile."

"Na mdogo wako anapanda ngazi na hiki kitu."

"Tangu juzi nimemwambia asipande. Leo amekwenda."

Meneja alivaa miwani, akasimama, akajishika mbavu. Alikwenda kwenye rafu, akayatazama yale magoti mapya, kila moja limefungwa vizuri kwa utepe, tayari kwa wageni. Akaanza kuvuta utepe mmoja, halafu mwingine.

"Nitawapigia mimi," alisema bila kugeuka. "Wanitukane mimi. Wewe kaa ulichore upya."

*

Wageni hawakutukana. Walisema watafikiria, na kila aliyewahi kuomba anajua hilo neno lina baridi gani. Hafla ikafutwa. Lakini kazi ngumu ikawa si wageni. Ikawa kuyarudisha yale magoti kutoka kwa wenyewe.

Mama Pacha alimpokea Nati mlangoni, mkono mmoja kwenye plasta, mapacha wawili wamejificha nyuma ya gauni lake.

"Siutoi," alisema.

"Mama, utaanguka tena."

"Nitaanguka. Wewe hujawahi kuanguka? Huu ukiuchukua mimi nakaa chini kama mzigo, nasubiri mtu anisogeze. Mguu mbovu ni wangu. Ahadi nzuri ni yako." Akataka kufunga mlango.

"Basi sikuchukulii," Nati alisema, haraka, kabla hata hajajua atasema nini. "Nipe dakika chache nao, hapa hapa, mbele yako."

Akakaa kizingitini, akatoboa, akapitisha bolti nene kwenye goti, akaikaza. Mguu ukawa mkavu, haukunjiki kabisa. Ukitembea nao unauzungusha kama bikari ya hesabu. Ukikaa unatangulia mbele yako kama mwiko. Lakini hauanguki. Mama Pacha alizunguka nao uani, amekunja uso.

"Unatisha," alisema.

"Unatisha. Lakini sasa hausemi uongo."

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa wote, nyumba kwa nyumba. Wengine walimshukuru, mmoja alimmwagia maji machafu, wengi walinyamaza. Wa mwisho alikuwa Winga. Alikuja mwenyewe, jioni, akakaa kwenye kochi akanyoosha mguu juu ya stuli.

"Leo limeniangusha ngazi ya juu kabisa," alisema. "Yule mama wa makreti amenidaka. Amenidaka na sinia, dada. Mkono wake..." Hakumaliza. "Weka hiyo bolti."

Mama ndiye aliyeshika taa. Nati aliikaza bolti.

Mguu mkavu haupandi ngazi na sinia. Msimamizi alimpa Winga kazi ya dirishani, kuuza mikate akiwa amesimama kutwa, na nafasi yake ya ngazini akapewa mwingine. Winga alisema dirishani ni pazuri, kuna hewa. Alisema hivyo kila siku mpaka Mama akamwomba asiseme tena. Jumamosi alikwenda kumtembelea mama wa makreti aliyeungua mkono.

Nati alichora upya. Alifunga ubavu wa goti kwa kifuniko cha mpira. Alilipindisha komeo ili lisiweze kugota pembeni na kutoa mlio. Likikosa tundu linakaa kimya, na mtu anajua. Halafu akakaa mbele ya karatasi akijiuliza lile swali alilolisahau: na likishindwa pia? Kifuniko kitachanika. Springi itachoka. Mtu atalisikia vibaya kwenye kelele. Siku nzima hakupata jibu. Alikuwa mkali kwa kila mtu. Mwishowe alifunga utepe wa ngozi ngumu kuzunguka kiungo, umebana kama breki ya baiskeli kuukuu, ili goti likiachia lisidondoke bali lizame polepole. Mashine ya majaribio aliihamisha. Aliiweka uani, kwenye vumbi, akaimwagia unga, mchanga, pamba na maji ya chumvi. Kila kilichovunjika kilimnyima usingizi, na vilivunjika vingi.

*

Siku ya kulijaribu juu ya mtu, chumba kilijaa kuliko alivyotaka. Meneja alikuwepo, na Mama, na Mama Pacha aliyekuja bila kualikwa, mapacha kila mmoja na ubavu wake. Winga alisimama katikati ya godoro, amevaa goti jipya. Nati alikuwa amelitoa komeo kabisa, makusudi.

"Hakuna kinachokushika," alimwambia. "Umeelewa? Litashindwa. Ndicho tunachotaka kuona."

"Maisha yangu yote nafanyiwa hivi," Winga aliwaambia watu, wakacheka kidogo. Aliweka uzito. Goti likajikunja, lakini taratibu, likigugumia, likamshusha mpaka akakaa kitako kwenye godoro kama mzee anayekaa barazani. Akajitazama. Akapapasa viwiko vyake. Mama aliyekuwa amegeukia ukutani akauliza, "Tayari?" na Winga akajibu, "Tayari, Mama. Nimekaa tu."

Meneja alianza kupiga makofi. Mama Pacha hakupiga.

"Huyo ni ndugu yako," alimwambia Nati. "Na hapo chini kuna godoro. Nivishe mimi."

"Mama, mkono wako ndio kwanza umepona."

"Ndiyo maana."

Wakalihamishia goti kwenye mguu wake, wakamvisha. Akakataa godoro, likaondolewa. Alisimama kwenye sakafu tupu ya saruji, na Nati akasimama mbele yake, mikono imenyooka, tayari kumdaka.

"Toa mikono," Mama Pacha alisema.

"Nakuwekea tu kwa..."

"Toa mikono, binti. Kama hukiamini wewe kitu chako, mimi nikiaminije?"

Nati alihesabu moyoni kila kitu kinachoweza kwenda mrama, na kilikuwa kingi, na kila kimoja alikuwa amekiona kikitokea uani kwenye vumbi. Akaishusha mikono. Ilimwia vigumu kuliko kuchora. Akaiweka nyuma ya mgongo, akaifunga moja kwa nyingine.

Mama Pacha alifumba macho, akautupa uzito wake wote kwenye mguu ule. Goti likaachia. Likagugumia, likazama, likagugumia tena, gauni likajikusanya, mmoja wa mapacha akapiga yowe. Na mama yao akajikuta ameketi sakafuni, mgongo wima, mikono mapajani, mzima.

Alifumbua jicho moja. Kisha la pili. Aliitazama saruji pande zote mbili, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Niinueni," alisema. "Tena."